Zima Taa, Funga Mlango: Kuku wa Nyamisati na Giza la Usiku

Umeme ukifika kijijini, taa ya kwanza huwekwa sebuleni, ya pili uani, na ya tatu mara nyingi huishia kwenye banda la kuku. Hata pasipo nguzo, paneli ndogo ya sola juu ya bati inatosha kuwasha balbu mpaka alfajiri. Kwa hiyo mfugaji mdogo wa Nyamisati, au wa kijiji chochote cha wilaya ya Kibiti kinachopakana na mikoko, leo ana uamuzi ambao bibi yake hakuwa nao: usiku awaachie kuku taa, au awaache gizani?

Jibu langu ni giza. Kuku mzima wa uani, awe wa kienyeji, kuchi au chotara, hahitaji taa bandani usiku. Anahitaji fito za kulalia, hewa inayopita na mlango uliofungwa sawasawa. Wapo wawili wasioingia katika kanuni hii, yaani vifaranga wasio na mama na kuku wa mayai wa kisasa, nao nitawafikia. Nianze na hawa wa kila siku, maana ndio wengi, na ndio wanaoumizwa na taa iliyowekwa kwa nia njema.

Kwanza tujue ushauri wa kuwasha taa umetoka wapi. Mwili wa kuku hupima urefu wa mchana. Mwanga humfikia kwa macho, na pia hupenya fuvu la kichwa na kugusa sehemu za ubongo zinazouhisi moja kwa moja. Mchana ukiwa mrefu, ubongo huamuru homoni zinazoamsha mayai tumboni; mchana ukifupika, amri hiyo hulegea. Sasa fikiria kuku wa London. Juni mchana wake unapita saa kumi na sita na nusu, lakini Desemba haufiki saa nane. Kuku wa huko akiachwa hivyohivyo, kipupwe kinapoingia huacha kutaga kwa miezi, na mfugaji humwongezea mwanga wa taa ili kufidia jua lililopotea. Kwake yeye ni ushauri wa maana kabisa.

Nyamisati iko karibu nyuzi nane kusini mwa ikweta. Mchana wetu mrefu kuliko yote, wa Desemba, ni kama saa kumi na mbili na nusu. Mfupi kuliko yote, wa Juni, ni kama saa kumi na moja na dakika arobaini. Tofauti kati ya hizo mbili haifiki saa moja. Kuku wa hapa hana kipupwe cha kufidiwa. Akiacha kutaga mwezi Juni au Julai, usikimbilie balbu. Angalia kama ananyonyoka manyoya ili aote mapya, kama ana minyoo, kama upepo wa kusi unampiga usiku kucha bandani, au kama kuna mayai chini ya majani nyuma ya choo ambayo hujayaona. Kuku wa kienyeji ni hodari wa kuficha kiota.

Tena usiku si muda uliopotea kwa kuku. Jicho lake limeumbwa kwa ajili ya mchana: huona rangi vizuri sana na gizani huona kidogo mno, ndiyo maana jioni hurudi mwenyewe kabla hujamwita. Akishapanda fito na giza likaingia, mwili wake hutoa melatonini, homoni ya usingizi ambayo pia inahusika na kinga ya mwili. Taa ikiwaka usiku kucha homoni hiyo hupungua. Kuku hushuka chini, huzurura, huchakura matandazo, hudonoana. Wanyonge ndio huumia, kwa sababu usiku ndio muda wao wa kupumzika na ubabe wa wenzao. Kifaranga aliyekuzwa chini ya taa isiyozimwa hupata hasara nyingine pia: macho yake hukua kupita kiasi na sehemu ya mbele ya jicho hubapa, kisha uwezo wake wa kuona huharibika.

Kuna jambo jingine la usiku ambalo wafugaji wengi hulipita. Ganda la yai huchukua karibu saa ishirini kutengenezwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kuku akiwa amelala. Chokaa inayotumika hutoka kwenye alichokula. Isipotosha, mwili huichota kwenye mifupa. Basi kama mayai yako yana maganda laini au yanapasuka kiotani, tiba iko pwani. Okota makombe ya chaza na simbi, yaoshe, yakaushe, yatwange vipande vidogo, uyaweke kwenye chombo chake ambapo kuku hujichagulia mwenyewe, hasa kuanzia alasiri. Mlo wa alasiri kwa jumla usiukose. Chenga za mchele, pumba, machicha ya nazi, vichwa vya kamba na dagaa vilivyokaushwa: kuku apande fito gole likiwa limejaa, nalo litamfikisha asubuhi. Anayesema anawasha taa ili kuku wale usiku angeipata faida hiyohiyo kwa kuwalisha saa kumi na moja jioni.

Ukizungumza kwa kina na mtu anayeacha taa ikiwaka, utagundua kwamba mayai hayamsumbui sana. Anaogopa. Mikoko imekaribia nyumba, na kutoka huko na vichakani hutoka kanu, fungo, paka pori, chatu na panya wakubwa. Nyegere naye akiamua kuvunja banda bovu, hulivunja. Kisha yupo mwizi wa miguu miwili. Woga huo ni wa haki kabisa, na sitaki mfugaji yeyote ausikie ukipuuzwa. Ninachopinga ni kuutibu kwa balbu ndani ya banda.

Tazama inavyokuwa. Balbu ikining'inia ndani, nondo, panzi na mbawakawa huifuata. Wadudu huvuta mijusi na vyura. Mijusi na vyura huvuta nyoka. Kanu aliyezoea makazi ya watu haogopi taa isiyosogea, na sasa anamwona kila kuku mahali alipo. Mwizi vilevile huhesabu bila kuwasha tochi yake. Na jogoo akiona mwanga saa saba usiku, huwika. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, Tsuyoshi Shimmura na Takashi Yoshimura, walionyesha kwamba jogoo huwika kwa saa iliyo ndani ya mwili wake, lakini mwanga na sauti za majogoo wengine nazo humchochea. Mahali ambapo watu bado huamka kwa jogoo wa kwanza na wa pili ili wawahi swala au chombo cha kwenda Kilindoni, kisiwani Mafia, jogoo aliyechanganyikiwa ni kero ya mtaa mzima.

Ulinzi wa kweli ni wa mbao, wavu na komeo. Banda liinuliwe juu ya nguzo, angalau usawa wa kiuno cha mtu mzima. Warufiji wana ujuzi huu tangu zamani: madungu yao ya shambani, yaliyosimama juu ya nguzo, yaliwaepusha na maji na nguruwe pori walipokuwa wakilinda mpunga. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia Rufiji na Kibiti yalitukumbusha maji yanavyoweza kupanda kwa haraka katika bonde hili, na hata pasipo mafuriko, bamvua linapojaa, viwanja vilivyo kando ya vijito hulowa. Kuku anayelala kwenye ardhi yenye unyevu huugua kifua na kuhara, taa iwepo isiwepo. Kwa nguzo, mianzi na mbao za minazi hutosha. Boriti za mikoko ni imara sana, lakini mikoko ni msitu wa hifadhi na huvunwa kwa kibali cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Banda la kuku halistahili kukuingiza matatani, wala kuubomoa ukuta unaokinga kijiji na bahari.

Sakafu iwe ya fito zilizopishana kidogo, kinyesi kidondoke chini. Madirisha yazibwe kwa wavu wa chuma wa matundu ya nusu inchi. Ule wavu mwembamba wenye matundu makubwa, unaouzwa kwa bei nafuu, huzuia kuku kutoka lakini hauzuii nyoka mdogo wala panya kuingia, na mkono wa mnyama huupinda. Hewa ya chumvi hula chuma upesi, kwa hiyo uukague kila baada ya miezi michache, uvute kwa kidole. Panapokatika pafunge siku hiyohiyo. Mlango uwe na komeo la kusukuma na kufuli, si kipande cha kamba.

Nimeacha siafu kwa makusudi, maana wanahitaji maneno yao. Masika wanapohama, msafara mmoja huweza kumaliza vifaranga wote na hata kuku anayelalia mayai, naye kuku aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Taa haiwazuii siafu hata kidogo. Simamisha kila nguzo ya banda ndani ya kopo lenye oili chafu iliyochanganywa na maji, oili ambayo mafundi wa injini za boti hawana kazi nayo, na uhakikishe hakuna tawi wala kamba inayogusa banda kutoka pembeni na kuwa daraja. Makopo yafunikwe kwa juu ili mvua isiyafurishe na kumwaga oili ardhini. Majivu mengi kuzunguka nguzo husaidia, ila yakilowa nguvu zake huisha. Na banda lisiwe mbali kiasi kwamba kuku wakipiga kelele usiku huwasikii. Ukiwasikia, toka na tochi. Hapo ndipo mwanga una kazi.

Taa ya ulinzi basi iwekwe nje. Ifunge juu ya mlango wa jikoni au kwenye nguzo ya ua, imulike njia na mlango wa banda, mwanga wake usiingie ndani. Zile za sola zinazowaka mtu au mnyama anapopita ni bora zaidi, kwa sababu kinachomshtua mvamizi ni badiliko la ghafla, na wewe pia unazinduka. Chini ya taa ya nje unaweza kuweka beseni la maji kipindi cha kumbikumbi: wataanguka humo, asubuhi uwachote, vifaranga wapate nyama bila gharama.

Na gharama ihesabiwe. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka muda wa saa kumi na mbili kila usiku hula uniti 21.6 kwa siku thelathini. Kwa mteja mdogo anayejibana asivuke uniti 75 za LUKU kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya robo. Balbu ya LED ya wati 5 hula uniti 1.8 tu, kwa hiyo mtu hawezi kusema taa ni ghali siku hizi. Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa juu kwenye Mto Rufiji, uleule unaomwagika kwenye delta yetu, lilianza kuzalisha umeme Februari 2024, nami nafurahi kila kijiji kinapoungwa kwenye gridi. Lakini fedha za waya, swichi na balbu ya bandani zingenunua wavu na kufuli, na hivyo viwili vinafanya kazi hata umeme ukikatika.

Wapo wanaowasha taa kwa kutamani mayai zaidi kutoka kwa kuku wa kienyeji. Nawaelewa, maana bandarini yai la kuchemsha lina wateja. Ila taa haitawapa wanachotaka. Kuku wa kienyeji hutaga mayai kumi mpaka kumi na tano, kisha hulalia siku 21, kisha hulea vifaranga miezi miwili au mitatu. Mzunguko huo huenda mara tatu hivi kwa mwaka, na kwa mwaka mzima unapata mayai kama 30 mpaka 45. Kinachomzuia ni kulalia na kulea. Ukitaka mayai zaidi, mtenge na vifaranga wakifika wiki ya nne, uwape vifaranga joto na chakula chenye nguvu, mchwa na dagaa wa kusaga wakiwemo. Mama atarudi kutaga mapema. Mayai usiyotaka yalaliwe uyaokote kila siku, na uache moja kiotani asikihame.

Tena yai lolote ni kazi bure kama mdondo utapita na kusafisha banda. Chanjo yake inayostahimili joto hutengenezwa Kibaha, katika mkoa wetu huuhuu wa Pwani, na TVLA, Wakala wa Maabara ya Veterinari. Ni tone moja jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Giza ni rafiki yako hapa: ingia bandani usiku na tochi hafifu, kuku wamekaa kwenye fito wametulia, unamchukua mmoja mmoja bila kukimbizana. Usiku huohuo pitisha vidole kwenye nyufa za mbao na chini ya fito. Papasi na utitiri hujificha mchana na hutoka gizani kunyonya damu. Kuku aliyepauka kilemba huku analishwa vizuri mara nyingi analiwa na hao. Ziba nyufa, paka chokaa, na fito zimwagiwe maji yanayochemka.

Sasa wale wawili niliowatenga. Kifaranga asiye na mama anahitaji joto, na siku tatu za mwanzo anahitaji pia mwanga wa kuonea maji na chakula. Wiki ya kwanza joto liwe nyuzi 33 hivi, ukilipunguza kama nyuzi tatu kila wiki. Huna kipimajoto? Watazame: wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakijitenga pembeni midomo wazi wanaungua, wakitawanyika na kula wako sawa. Katika joto la mchana la pwani, kuanzia wiki ya pili wengi huhitaji chanzo cha joto usiku tu, isipokuwa siku za kusi. Ukitumia jiko la mkaa, likolee kwanza nje mpaka moshi uishe, na chumba kiwe na tundu la hewa kwa juu, kwa sababu gesi ya mkaa haina harufu na huua vifaranga na anayewalinda. Kandili na jiko visikaribie makuti.

Baada ya siku hizo tatu, wafundishe giza. Zima mwanga kwa nusu saa, kesho yake saa nzima, uendelee kuongeza, huku joto likibaki. Kifaranga ambaye hajawahi kuona giza, umeme ukikatika ghafla, hukimbilia kona pamoja na wenzake mia, na wa chini hukosa pumzi. Watu hupoteza vifaranga hivi halafu hudhani ni ugonjwa.

Mwenye kuku wa mayai wa kisasa ana hesabu tofauti. Kuku hao wamechaguliwa ili watage karibu kila siku, na kwa saa kumi na mbili za jua hawafiki uwezo wao. Hutaka kumi na nne mpaka kumi na sita. Ongeza mwanga alfajiri: washa saa tisa au saa kumi usiku mpaka jua litoke, ili jioni ije yenyewe na kuku wapande fito kwa kiza kinachoingia taratibu. Taa ya jioni inayozimwa ghafla huwaacha sakafuni. Tumia balbu ya mwanga wa manjano, ambao hupenya fuvu vizuri kuliko mweupe wenye ubuluu, na ukali wake utoshe kusomea gazeti, usizidi. Ongeza nusu saa kwa wiki. Mitetea ambayo haijafika wiki kumi na sita isiguswe na mpango huu, maana itaanza kutaga kabla mwili haujakomaa, na kuku mdogo aliyetoa yai kubwa huweza kutokwa na kizazi. Kisha, ukianza, usikatishe. Leo taa, kesho LUKU imeisha, keshokutwa taa tena: kuku huacha kutaga na kunyonyoka manyoya. Kama huna uhakika wa umeme wa alfajiri kila siku, ni heri uwaachie jua peke yake.

Na wewe ambaye kuku wako wamezoea balbu usiku kucha, usiizime leo kwa mkupuo. Weka fito kwanza kama hazipo, kila kuku apate kama urefu wa kiganja kilichokunjuliwa. Badilisha balbu uweke hafifu zaidi, kisha uizime saa moja mapema kila baada ya siku mbili au tatu, ukianzia mwisho wa usiku kurudi nyuma. Siku za mwanzo utasikia kelele kidogo, na wachache watalala sakafuni. Wainue kwa mikono uwaweke kwenye fito jioni, watajifunza. Ikifika zamu ya saa za mwanzo wa usiku, anza kufunga mlango saa kumi na mbili jioni, kuku wakiwa wamekwisha kupanda wenyewe.